Keki ya Kijani ya Nadine Scalf

Kwa miaka kumi na saba Nadine Scalf alizijua habari kubwa za mji wa Lick Branch siku kadhaa kabla ya mji wenyewe, na hakuna hata moja iliyotoka mdomoni mwake. Alikuwa mpishi wa shule ya sekondari. Kila kijana wa shule hiyo aliyepata nafasi ya kucheza mpira wa kikapu chuoni aliwekewa meza katikati ya ukumbi wa michezo, na juu ya meza zikapangwa kofia za vyuo vilivyomtaka. Wazazi walikaa nyuma yake na keki iliwekwa pembeni, imefunikwa kitambaa. Kijana huchukua kofia moja, anaivaa, watu wanapiga kelele, halafu kitambaa kinaondolewa na keki inaonekana ina rangi ya chuo alichochagua. Sasa, keki haijipambi yenyewe. Lazima mtu aambiwe mapema sukari itiwe rangi gani, na mtu huyo alikuwa Nadine. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hii ilikuwa haivuji.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye mikono mizito ya kuinua masufuria, mjane wa Arlis Scalf aliyechimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakamshinda. Arlis alimwachia nyumba, gari la kubebea mizigo, na viti viwili safu ya tisa katika uwanja wa Carver Fork, chuo kidogo kilichoko maili kumi na mbili chini ya bonde. Kiti cha pili alimpa shemeji yake Hobart, mdogo wake Arlis. Hakumpa kwa mapenzi makubwa. Alimpa kwa sababu hakutaka kukaa karibu na mtu asiyeujua mpira.

Yeye mwenyewe aliujua, tena kwa njia yake. Watu wengi hufuata mpira kwa macho. Nadine alitazama pale ambapo mpira haupo. Alisema foleni ya chakula ndiyo iliyomfundisha. Ukitaka kumjua mtoto, usimtazame anapopokea sahani, mtazame anaposubiri. Kwa macho hayo alikuwa amewahi kuwakataa vijana waliosifiwa magazetini, na amewahi kuwasifu wengine ambao hakuna aliyewajali, na mara nyingi mno alikuwa sahihi. Hata kocha wa Carver Fork, bwana mmoja mkimya anayeitwa Dunaway, alikuwa na mazoea ya kupita kwenye meza ya Nadine na Hobart Jumamosi asubuhi mkahawani na kuuliza, kama utani, wazee wanasemaje.

Mwaka huo wazee walikuwa na neno moja tu, na neno hilo lilikuwa Tobin Lykins. Tobin alikuwa na futi sita na inchi nane, na hakuwa na haraka. Vijana warefu wengi hujibanza chini ya kikapu wakisubiri kuletewa mpira. Tobin alitoka nje, akaupokea akiwa amekipa kikapu mgongo, na kabla hujajiuliza atafanya nini, mpira ulikuwa umeshamfikia mwenzake aliyekatiza nyuma ya walinzi. Macho yalikwenda kushoto, pasi ikaenda kulia. Nadine alikuwa amemlisha kijana huyo miaka minne mfululizo, na alimpenda waziwazi, bila kuona haya.

"Miguu yake mizito, shemeji," Hobart alisema Jumamosi moja, akimimina mchuzi mweupe wa soseji juu ya mkate wake. "Vijana wa chuoni watampita kama nguzo ya simu. Mwaka wa kwanza benchi, wa pili benchi. Wa tatu labda awe mtu wa sita, aingie wenzake wakichoka."

"Hobart, wewe ulimwoa Peggy kwa sababu alikuwa na gari," Nadine akamjibu. "Usinifundishe mimi kuchagua."

Meza ya jirani ikacheka, Hobart naye akacheka. Nadine akaendelea kueleza, akitumia chupa ya chumvi na vikombe, kwamba mtoto huyu hatakiwi kukimbia na mtu. Mumweke juu, kwenye mstari wa mitupo huru, mpira wote upitie mikononi mwake, wafupi wamzunguke. Tangu mwaka wa kwanza. Kocha akimficha chini ya kikapu, yeye Nadine atazirudisha tiketi za marehemu na kukaa nyumbani afume soksi. Hobart alitikisa kichwa, akasema haya, tutaona. Baadaye Nadine alikumbuka kwamba siku zile shemeji yake alikuwa anakubali mambo upesi kuliko kawaida yake.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne, Renita Lykins, mama yake Tobin, alikuja mlango wa nyuma wa jiko la shule. Renita alikuwa karani katika kiwanda cha mbao, kulekule Hobart alikoendesha lori. Alisimama kizingitini na pochi mkononi, akasema Tobin atatia sahihi Ijumaa ya tatu, kofia zitakuwa mbili, ya kijani ya Carver Fork na ya chuo kimoja kikubwa cha Tennessee chenye rangi ya zambarau.

"Na keki?" Nadine akauliza.

"Kijani," alisema Renita. "Ile ya kwenu. Kwa Tobin hakuna mkono mwingine utakaoipika ila wako."

Mchana huo Tobin mwenyewe alipofika kwenye dirisha la chakula aliinama, maana dirisha lilikuwa chini kwake, akamnong'oneza: "Nakuja kwenu, Bi Nadine." Nadine alijifanya anakwangua viazi vilivyogandia kwenye sufuria. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka watoto waone.

Jumamosi iliyofuata kocha Dunaway alipita mezani, na safari hii hakuwa na utani. Alivuta kiti akakaa. Alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu ya ufadhili, na kijana mmoja wa wilaya ya jirani, Wendell Fugate, alikuwa anaililia nafasi hiyo tangu msimu uishe. Fugate alikuwa mtupaji wa mbali, mkono safi, mwembamba kama fito. Alitaka jibu kabla ya Jumatatu, kwa sababu kama hakuna chuo ana mipango mingine. Tobin hakuwa amempa kocha neno lolote la kushika.

"Wewe unamwona kila siku, Nadine," alisema. "Nimngoje?"

Hapo ndipo Nadine alipopaswa kusema kwamba yeye ni mpishi tu. Ndivyo alivyosema kwa miaka kumi na saba, kwa waandishi wa habari, kwa mchungaji, hata kwa Arlis kitandani. Lakini aliiona timu nzima imemzunguka Tobin, aliiona safu ya tisa imesimama, na alikuwa na hakika.

"Mngoje," alisema.

"Una hakika?"

"Nimeshanunua rangi."

Kocha alimshika bega, akaondoka bila kunywa kahawa yake. Hobart alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kama mtu aliyeangusha kitu humo.

Ijumaa ikafika. Nadine alikuwa ameipika keki ya matabaka matatu, akaipaka kijani mara mbili ili rangi ikolee, na ubavuni akaandika namba ya jezi ya Tobin kwa sukari nyeupe. Ukumbi ulijaa. Wanafunzi waliruhusiwa kutoka madarasani, bendi ilipiga, mwalimu mkuu akahutubia mno. Tobin alikaa katikati ya kofia mbili, amevaa shati jeupe lililombana mabegani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mama yake, akawashukuru makocha. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kofia ya zambarau.

Kelele zilikuwa za kawaida. Nadine alidhani ni mchezo, maana vijana wengine huigusa kofia hii kwanza ili kuwatia watu presha, halafu wanaiacha. Alisubiri aiache. Tobin aliivaa, akaikaza. Ndipo dada wa Renita akaingia kwa mlango wa pembeni akiwa amebeba boksi la duka la keki la mjini, na ndani ya boksi keki ya zambarau, imeandikwa jina la chuo kile herufi kwa herufi. Waliiweka mezani. Kwenye boksi kulikuwa na karatasi ya duka yenye tarehe ya kuagizwa, na Nadine, aliyezoea kusoma karatasi za namna hiyo jikoni, aliisoma bila kutaka. Keki ile iliagizwa siku nne kabla Renita hajasimama kwenye kizingiti chake.

Ya kwake ilibaki pembeni, na hakuna aliyegusa kitambaa.

Alitoka nje kwa hasira kupitia mlango wa wachezaji. Simu ikaita kabla hajafika kwenye gari. Alikuwa kocha Dunaway. Habari zilikuwa zimeshamfikia, na sauti yake haikuwa na ukali, jambo lililomuumiza Nadine zaidi kuliko matusi. Alimweleza kwamba ametoka kumpigia Fugate, na mama yake ndiye aliyepokea. Kijana alijiandikisha jeshi la majini Jumatano ya wiki iliyopita, baada ya kuambiwa nafasi haipo.

Hobart alimkuta ameshika mlango wa gari bila kuufungua.

"Ulijua," Nadine alisema.

Hobart alivua kofia yake, akaivaa tena. Akasema Renita alimweleza kazini, akamwapisha asimwambie mtu. Wale wa Tennessee walikuwa wamesema maneno matamu lakini karatasi za ufadhili hawajatoa, na Renita aliogopa mwanawe asije akakosa huku na kule. Alitaka Dunaway aishikilie nafasi mpaka karatasi zije. Kumwambia Dunaway uongo mwenyewe hakuweza. Kwa hiyo waliwaza ni nani akimwambia ataaminiwa.

"Renita alisema wewe huvuji," Hobart aliendelea, polepole. "Akaniuliza mimi, kwa kuwa nakujua. Akaniuliza kama kwa ajili ya timu unaweza kuvuja."

"Ukasemaje?"

"Nikasema atavuja."

Nadine aliinamisha kichwa. Kumbe walimkalia kikao kama yeye alivyowakalia vijana wa watu miaka yote hiyo, wakaupima uwezo wake na udhaifu wake, wakamtafutia nafasi ya kucheza. Wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti hakuna mkono mwingine. Na aliyempima alikuwa amekalia kiti cha mumewe na kula naye meza moja kila Jumamosi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga waliyaona haya. Alimwambia Hobart atafute pengine pa kukaa msimu ujao, na hakupandisha sauti. Hobart akasema shemeji, ni mpira tu. Nadine akawasha gari.

Jumatatu alikuwa jikoni saa kumi na moja na nusu alfajiri kama kawaida, kwa sababu watoto mia nne hawalishwi na hasira. Mchana foleni ilisogea mpaka Tobin akafika dirishani. Aliinama.

"Bi Nadine, mama alisema..."

"Mama yako nitaongea naye mwenyewe. Siku ile uliposimama hapa ukaniambia unakuja kwetu, mama yako alikuwa wapi?"

"Kazini."

"Basi yale yalikuwa ya kwako."

Kijana alitazama sahani yake. Nadine akamtilia maharage, akamtilia mkate wa mahindi, mkono wake umetulia.

"Unamjua Wendell Fugate?"

"Nimecheza naye mara mbili. Anatupa vizuri sana."

"Hatatupa tena. Amekwenda melini. Kocha aliniuliza mimi, nikamwambia akungoje wewe, na yule mtoto akafungiwa mlango."

Tobin aliinua uso, na rangi ilikuwa imemtoka. "Sikujua kama ungemwambia kocha," alisema. "Naapa, Bi Nadine. Mimi waliniambia niseme vile tu, ili ufurahi."

Nadine aliacha kijiko ndani ya sufuria akamtazama. Alimtazama macho, akatazama mabega, akatazama vidole vilivyoshika sahani, vitu vyote alivyojifunza kuvisoma kwa miaka kumi na saba ya kusimama mahali pale. Na hakuweza kujua. Huenda mtoto alikuwa anasema kweli, huenda alikuwa anadanganya, na usoni mwake mambo hayo mawili yalifanana. Hilo lilimuuma kuliko keki na kuliko Hobart.

"Sogea, kijana," alisema. "Wenzako wana njaa."