Usimwambie Daktari U Mzima

Kwenye treni kutoka Stechford, mtaa wetu hapa Birmingham, nilimrudia mdogo wangu maneno yaleyale. "Daktari akikuuliza habari yako, usiseme mzima."

"Niseme nimekufa, Siz?"

"Sema ukweli."

Akacheka, kisha akakunja uso, maana kucheka humuuma mgongo.

Aliumia akiwa askari katika jeshi la hapa Uingereza, gari lao lilipopinduka mazoezini. Mgongo na goti havijapona. Alipopimwa mara ya kwanza alimsalimia daktari vizuri, akasema yuko sawa, anamshukuru Mungu, na daktari akaandika hivyo. Kiwango chake cha ulemavu, ambacho ndicho kipimo cha malipo yake, kikawekwa chini, kama cha mtu wa kuchechemea tu. Tangu hapo hali imezidi na kazi ya ghalani aliyoipata baada ya jeshi imemshinda. Tuliomba apimwe upya, tukangoja mpaka nikachoka kuulizia.

Sikushangaa kwamba alijibu vile. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule niwalee wadogo zangu. Jamaa walikuwa wakija kututazama, na nia yao ilikuwa kutugawana, huyu aende kwa huyu, yule kwa yule. Kila mtoto alijua la kusema: hatujambo, tumekula, hatuna shida. Ndivyo tulivyobaki pamoja. Mpaka leo nikimpigia simu, hata kama hajaweza kushuka kitandani, ananiambia yuko poa.

Daktari wa kumpima upya, kule Edgbaston, alikuwa mama mpole. Akamuuliza habari za leo.

"Nzuri sana, daktari. Na wewe?"

Nilimkanyaga mguu ule ulio mzima.

Daktari akamwambia avue soksi, kisha aivae tena. Kuvua alijitahidi. Kuvaa, alishika ukingo wa kitanda, akainama nusu, akakwama hapo jasho likimtoka. Nikainuka.

"Tafadhali, mwache," daktari akasema.

Nikakaa. Mdogo wangu akanitazama, soksi mkononi, akasema kwa Kiswahili, "Siz, toka nje kidogo."

"Nitoke niende wapi?"

"Toka tu. Ukiwa hapo siwezi."

Nilikaa kwenye kiti cha nje. Nilikuwa nimetoka zamu ya kutunza wazee, na miguu ilikuwa kama si yangu. Mlango ulikuwa mzito, sikusikia neno. Nilidhani nitasinzia, lakini usingizi haukuja.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Mengine hata wewe huyajui."

"Kama yapi?"

"Siz, wacha."

Nikaacha. Majibu yangekuja kwa posta, na yangechukua muda wake. Tukaelekea kwenye kituo cha tramu, mimi nikipunguza mwendo huku najifanya kusoma simu, kama nifanyavyo siku zote ili asione kuwa namngoja. Tulipofika kwenye benchi alisimama.

"Tukae kwanza. Naumwa, siwezi kwenda."

Hajawahi kuniambia hivyo. Nikakaa kando yake. Tramu ikaja, ikaondoka, na hakuna aliyeinuka.