Ukuta wa Kufika Magotini

Kama hujawahi kumwona mtu akilala chini ya gari bovu asubuhi na mapema huku anaimba, basi humjui Bi Matone. Jina hilo walimpa mafundi wa yadi ya skrepa, maana hakuna tone lililowahi kumponyoka. Gari likiingia, hata liwe limepondeka vipi, haliguswi na spana ya mtu mpaka yeye alikamue kwanza: oili chafu pipa jeusi, maji ya rejeta pipa la kijani, mafuta ya breki pipa jekundu. Na ole wako uchanganye! Utasemwa wiki nzima, na chai utakunywa peke yako.

Mapipa hayo aliyasimamisha juu ya sakafu ya zege, akayazungushia ukuta wa kufika magotini. Aliupiga plasta kwa mikono yake mwenyewe. Bondeni, chini ya yadi, kuna kisima cha majirani na ardhi yote inateremkia huko, kwa hiyo alitaka pipa likipasuka, uchafu uishie palepale.

Lakini mwenye yadi, mdogo wa mumewe, ukuta ule ulikuwa umemkaa kooni. Unakula nafasi ya magari matatu! Asubuhi hiyo akaja na uamuzi wake.

"Shemeji, leo saa nane naubomoa. Miaka miwili sasa, pipa gani limepasuka?"

"Kwa hiyo shemeji unangoja lipasuke ndiyo ujenge?"

"Saa nane, shemeji."

Wakati huo Bi Matone alikuwa kwenye koki ya pembeni ya ukuta, anatoa maji ya mvua ya usiku yaliyotuama ndani. Kawaida yake husimama hapo mpaka maji yaishe, anafunga, anachomoa mpini na kuutia mfukoni ili asije mtu mwingine akafungua. Sasa hasira, jamani! Alichomoa mpini, akautia mfukoni, akamfuata shemeji yake kwa maneno mpaka ofisini. Koki hakuifunga.

Na saa nane yenyewe haikufika. Dereva wa mashine ya kunyanyulia injini, katika kusafisha njia ya huo ubomoaji, alikata kona vibaya, na jino moja la chuma la mbele ya mashine likapita juu ya ukuta likazama tumboni mwa pipa jeusi. Oili ikafoka!

Bi Matone akatoka ofisini mbio, na Mungu amsamehe, alikuwa anacheka. "Leteni pipa tupu! Leteni pampu! Ndiyo hiyo sasa, mlikuwa mnaniona mwehu!" Furaha ilimjaa kifuani, akataka hata kupiga vigelegele. Mkono ukagusa mfuko. Mpini! Macho yakamtoka pima.

"Mama yangu wee, koki!"

Akauruka ukuta kama msichana, akakanyaga oili, miguu huku, mikono kule, akaanguka kwa makalio na kuteleza hivyo hivyo hadi pembeni. Utelezi ulimfikisha upesi kuliko ambavyo miguu ingemfikisha. Oili ilikuwa imebakiza shubiri moja kufika kwenye tundu la koki. Akauchomeka mpini, ukateleza, akauchomeka tena, akaukamata kwa upindo wa gauni na kuuzungusha kwa nguvu zake zote. Koki ikakaza.

Oili ikafika, ikajaa, ikasimama. Mafundi wakashangilia kama wamefunga goli, na yeye amekaa katikati ya oili, mweusi hadi masikioni, anahema.

Ndipo sauti ya mwanamke ikapanda kutoka bondeni: "Jamani huko juu! Kuna nini? Tuache kuchota?"

Kelele zikakatika. Watu wote wakamtazama Bi Matone. Yeye akamtazama shemeji yake.

"Wewe ndiye uwajibu. Yadi ni yako."

Mwenye yadi akapiga magoti upande wa nje na suruali yake ya kupigwa pasi, akaupapasa ukuta kwa viganja kutoka mwanzo hadi mwisho. Akalishika tone kwenye mdomo wa koki, akalisugua vidoleni, akalinusa. Maji. Akanusa tena. Mkewe naye alikuwa na ndoo pale kisimani.

Akasimama, akaelekeza uso bondeni.

"Choteni!" akapaza sauti, nayo ikamkatika katikati. "Choteni tu, hakijapita kitu!"