Nimemtoa dada Rehema kwenye kundi, na sababu ni hii

Bado naona kama mtu atanipigia aniambie ni uongo. Juzi tumemzika dada Rehema pale Unyambwa. Jana asubuhi akanitumia meseji.

Ndiyo, yeye. Jina lake, picha yake ile ya kitenge cha njano amebeba jogoo. "Hello dear, nimepata fursa nzuri, bonyeza hapa."

Nilikuwa namnyonyesha mwanangu Nuru. Nilimbana mpaka akalia.

Kwa msiomjua, dada Rehema ndiye aliyeanzisha kundi letu la wafugaji wa kuku wa kienyeji humu mtandaoni. Mimi alinifanya admin wa pili nikiwa na mimba kubwa, siwezi hata kuinama kufagia banda. Akasema, "Wewe kaa na simu. Macho hayana mimba."

Kazi yetu kubwa wala haikuwa kuku. Ilikuwa spam. Mikopo ya haraka, simu za bure, dawa ya kukuza kifaranga kwa wiki moja! Alizifuta huku anasonga ugali.

Kwa wageni alikuwa na sheria moja tu: ukiingia, salimia, sema uko wapi na una kuku wangapi. Asiyesalimia tunamtilia shaka.

Sheria hiyo ilishatuponza. Mgeni mmoja aliingia, kimya siku mbili. Ya tatu kaweka picha ya jogoo, salamu hakuna. Nikamripoti, nikamblock. Kumbe ni mzee wa Kinampanda, umri wa babu yangu, alikuwa anasubiri sisi watoto tumwamkie!

Dada Rehema alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akakunja uso. "Mpigie. Na uanze na shikamoo."

Nikapiga. Mzee akaitikia, kisha akaniuliza, "We mtoto wa nani, unamfukuza mtu mzima kabla hujamwamkia?" Sikuwa na pa kuficha uso.

Toka siku hiyo sheria ikabadilika. Mgeni akikaa kimya, tunamwamkia sisi. "Halafu sikiliza anavyoitikia," dada aliniambia. "Hapo ndipo utamjua."

Wageni aliwafundisha bila kuwacheka. Mama mmoja wa Manyoni aliuliza, "Link ndiyo nini, wanangu?" Watu wakajaza emoji za kucheka. Dada akafuta comment zote, akamwandikia: "Mama, link ni kama mlango. Usifungue kabla hujajua upande wa pili yuko nani. Ukiwa na shaka, niulize mimi."

Niulize mimi. Neno hilo ndilo lililonitisha jana. Maana watu walizoea kumwamini yeye, na sasa mtu amevaa jina lake.

Ile akaunti haikuishia kwangu. Iliweka link kundini. Wageni ambao hawana habari za msiba wakaanza kushukuru. Yule mama wa Manyoni akaandika, "Asante Rehema mwanangu, nafungua sasa hivi."

Nikampigia mbio.

"Mama, usifungue!"

"Mbona ametuma Rehema?"

"Mama, Rehema tumemzika juzi."

Akasema taratibu, "Sasa huyu anayenikaribisha ni nani?"

Sijui, mama. Nimempigia shemeji, mume wa marehemu. Anasema simu ya dada ipo kabatini, imezimwa tangu hospitali. Sasa password nani kaijua? Nani alishika ile simu wodini? Tangu jana namwangalia kila mtu mara mbili, hata niliolia nao. Simtaji mtu, sina ushahidi. Ila naangalia.

Shemeji akaniomba, "Usimtoe, mama Nuru. Watoto wanaingia humo kundini kumwona mama yao."

Hapo nilikaa na simu mkononi, nguo zimelowa kwenye beseni, mtoto analia. Lakini ile ni akaunti ya admin. Ikiniwahi, inanitoa mimi, inabaki yenyewe na wale kina mama wote.

Nikajaribu kitu kimoja cha mwisho. Nikaandika inbox, "Shikamoo dada."

Tangu nijifungue, jibu lake ni lile lile: "Marahaba. Mtoto amelala?" Hajawahi kubadilisha hata siku moja.

Likaja jibu. "Poa dear. Umefungua link?"

Nikabonyeza Remove.

Mmeniandikia tangu jana, "Ana roho ngumu huyu, hata marehemu hamwachi?" Semeni tu. Aliyetoka siyo Rehema. Mafundisho yake yamefutika na akaunti, ila nilikuwa na screenshot, nayarudisha moja moja kwa jina lake. Picha nimewapelekea watoto, ziko kwenye simu ya baba yao.

Na wewe unayesoma hapa, ukiona meseji yoyote ya jina lake na picha ya jogoo, usifungue. Niulize mimi.

Dada, leo asubuhi ameingia mgeni, kimya. Nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba mwanangu, niko Itigi, nina kuku sita na mmoja anaumwa." Nimempokea. Naona ungempenda.

Shikamoo dada.

Mtoto amelala. Na wewe lala.