Nafasi ya Zena Kwenye Boti ya Matanga

Stellah Mbithe hakuwa mtu wa maneno mengi. Kanisani kwao Kabiria alikuwa mkaribishaji, yule anayesimama mlangoni Jumapili na kuwaonyesha watu viti, na waumini walimpenda kwa sababu hakuwa na umbea. Kwa hivyo hata leo, akikumbuka sentensi mbili alizomwambia bosi wake, huwa kama anamsikia mwanamke mwingine akisema.

Alifanya kazi katika ofisi ndogo ya usafiri katikati ya Nairobi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Meza zilikuwa tatu tu: ya bosi, Bwana Omollo, ya Stellah, na ya Zena. Zena alizaliwa Lamu, akaolewa Nairobi na Twahir, mfanyabiashara aliyeuza vitambaa na mashati mjini. Waliishi Parklands na watoto wao wawili.

Ofisi ile iliishi kwa kukata tiketi za ndege na kuwajazia watu fomu za viza, hadi Zena alipoleta jambo la boti. Daktari mmoja wa Parklands aitwaye Sameer alikuwa akitafuta mahali pa kuwapeleka wazazi wake waliotimiza miaka hamsini ya ndoa, na hoteli walishazichoka. Zena akamshauri wakodi boti ya matanga, ile inayokwenda kwa upepo, huko Shelisheli. Boti nzima inakuwa yenu, alimweleza, na nahodha wake na mpishi wake. Mnalala humo humo, na mkiamka mko kisiwa kingine. Kisha akaanza kuandikiana na mwenye boti, kuuliza kuhusu upepo wa mwezi ule, kina cha maji, na friji ya kuwekea dawa za mzee. Familia ya daktari ilirudi na furaha, ikawasimulia majirani. Katika miaka miwili Zena alipeleka familia tisa.

Jambo moja tu lilimkera, naye alilisema wazi: alikuwa anauza kitu ambacho hajawahi kukikanyaga. Yote aliyoyajua aliyajua kwa barua na picha.

Ndipo mwenye boti akaandika kwa Bwana Omollo. Alikuwa ameandaa safari ya wiki moja kwa maajenti wa nchi mbalimbali, waje wazione boti zake, walale ndani, wajue wanachouza. Ofisi ya Nairobi ilipewa nafasi moja. Hakutaja jina la mtu, kwa maana hakufikiri kuna haja.

Barua hiyo ilifika Ijumaa, saa saba mchana, Zena akiwa ametoka kwenda kununua chakula. Bwana Omollo aliisoma kwa sauti, akasimama dirishani akifikiria.

"Hii ni ya Zena," alisema. "Lakini ana watoto wadogo. Ataweza kweli wiki nzima?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, la mtu anayefikiria kwa sauti. Stellah angeweza kusema amuulize mwenyewe. Lakini alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa amewakatia watu tiketi za ndege kwa miaka kumi na moja, na yeye hajawahi kupanda ndege. Alikuwa amezoea kuwasikiliza wateja wakirudi na kusifu maji ya rangi gani sijui, huku yeye akitabasamu.

"Sidhani, bosi," alisema. "Unajua yule mzee wake, hawezi kubali alale kwa boti na watu hawajui."

Bwana Omollo akageuka. Alikiri kwamba hilo hakuliwaza, kwamba ni kweli, watu wana dini zao na nyumba zao, asije akamletea mtu fujo kwake. Akamwambia Stellah ashughulikie pasipoti yake.

Stellah hakuwahi hata siku moja kumsikia Twahir akimkataza mke wake chochote. Alikuwa amekula kwao mara mbili, sikukuu ya Idi, na Twahir ndiye aliyepakua pilau.

Siku hiyo hiyo jioni Bwana Omollo alimwita Zena na kumweleza kwa upole kwamba safari ataenda Stellah, kwa kuwa ameelewa mzee nyumbani hangependa. Zena aliuliza ni nani aliyesema hivyo. Bwana Omollo hakutaka kumtaja mtu. Alisema tu kwamba ameelewa hivyo, basi. Stellah alikuwa mezani pake, umbali wa hatua nne, akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Alitarajia Zena atakasirika, aulize tena, na hapo pengine angepata nguvu ya kusema. Lakini Zena alirudi kwenye kiti chake, akaendelea na kazi mpaka saa ya kufunga. Jumatatu alikuja na vipande vya tangawizi iliyokaushwa ndani ya karatasi.

"Utafune kabla boti haijaondoka nangani, si baadaye," alimwambia Stellah. "Na ukisikia kichefuchefu, usikae ndani. Kaa nje, tazama mbali, pale mbingu zinapokutana na maji."

Stellah aliipokea ile tangawizi. Alisema asante.

Wiki ile ya boti ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio uliomuumiza. Walikuwa maajenti sita. Nahodha alikuwa mwanamama mfupi wa huko huko, mwenye nywele nyeupe, aliyewafundisha kuvuta kamba za tanga na kushika usukani kwa zamu. Injini ilipozimwa na tanga kujaa upepo, boti iliinama upande, ikaanza kwenda bila kelele, na Stellah akacheka peke yake kama mtoto. Papo hapo akajisikia vibaya. Maajenti wengine walimsifu yule mtu wa Nairobi anayeandika barua nzuri zenye maswali ya maana. Mwenye boti mwenyewe, walipomfikia siku ya tatu, alimkumbatia Stellah akisema amefurahi hatimaye kumwona Zena.

Stellah alimsahihisha. Alimwambia yeye ni mwenzake, Zena hakuweza kuja. Mwenye boti alisikitika sana, akauliza kama anaumwa. Stellah alisema ni mambo ya nyumbani. Ikawa sasa ameusema uongo ule mara mbili, na mara hii safari alikuwa ameshaipata.

Zena alimwandikia kwenye simu akiomba picha. Stellah alikuwa nazo zaidi ya mia. Alijibu kwamba mtandao haushiki.

Aliporudi aliwaeleza Zena na Bwana Omollo yote aliyoyaona kuhusu zile boti, na kazi ikaendelea. Wateja waliomba kuhudumiwa na yule aliyefika mwenyewe, na kidogo kidogo boti zikahamia meza ya Stellah. Zena hakulalamika. Alikonda tu. Chakula cha mchana, ambacho zamani walikula pamoja, sasa alikula peke yake akitazama ukuta, na simu ya Twahir ikiita aliitazama tu mpaka inyamaze. Stellah alijiambia kwamba ni kwa sababu ya safari, na kwamba itapita. Kanisani aliendelea kuwaonyesha watu viti. Meza ya Bwana, ule mkate na divai, ilipoandaliwa alijipa kazi nje ili asishiriki, na mchungaji alidhani ni bidii.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Kisha siku moja alipita dukani kwa Twahir kumnunulia baba yake shati, kwa kuwa alikuwa anaenda kwao Mwingi kumwona. Duka lilikuwa tupu. Twahir alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, ndevu zimekua bila mpango. Alimkaribisha kwa heshima kama kawaida, akamuuliza habari za nyumbani, akamtolea mashati matatu. Halafu, akiwa anakunja lile moja, akaanza kusema bila kumwangalia.

Alisema nyumbani hakukaliki. Zena alikuwa ameamua kwamba ni yeye Twahir aliyekwenda kwa Bwana Omollo kisirisiri kumzuilia safari, kwa sababu Bwana Omollo hununua mashati hapa, na nani mwingine angemwambia maneno ya ndani ya nyumba? Twahir alikuwa amekana. Aliapa. Zena akamjibu kwamba angalau angekuwa na ujasiri wa kumkataza usoni. Wiki tano hawakuzungumza ila mbele ya watoto.

"Mwisho nikamwambia ni mimi," Twahir alisema.

Stellah hakuelewa. "Ulimwambia nini, shemeji?"

"Kwamba ni mimi niliyekwenda kwa Omollo. Nikamwomba msamaha. Nilichoka, shemeji. Niliona nikikubali, angalau atakuwa na kitu cha kunisamehe. Lakini haijasaidia. Sasa ana hakika."

Alimkabidhi mfuko wa shati kwa mikono miwili. Stellah alijua kwamba akitoka nje ya mlango ule bila kusema, hatasema maisha yake yote. Aliuweka mfuko juu ya kaunta.

"Ni mimi, shemeji," alisema. "Omollo aliniuliza, nikamwambia wewe hungekubali. Hakuna mtu mwingine. Nilitaka kwenda mimi."

Stellah alikuwa amejiandaa kufukuzwa, hata kutukanwa. Twahir akavuta kiti akaketi tena, akauliza kitu kimoja tu: kama Zena ameshajua. Stellah alipotikisa kichwa, Twahir alisema amwambie yeye mwenyewe, leo hii, kwa sababu yeye Twahir akimwambia hataaminiwa.

Stellah alirudi ofisini kwa miguu. Bwana Omollo alikuwepo pamoja na Zena, na Stellah hakungoja bosi aondoke. Alisema mbele ya wote wawili, akiwa amesimama, maneno yale yale aliyoyasema dukani, na akaongeza kwamba ametoka kwa Twahir na kwamba Twahir alikiri kosa ambalo hakulifanya.

Bwana Omollo alikunja uso, akasema hayo ni mambo ya kuongea polepole, na kwamba hata yeye alikosea kutouliza. Zena hakumsikia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Aliniomba msamaha amepiga magoti," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nikamwambia ainuke, asinichoshe."

Alichukua mkoba na mtandio wake, akatoka. Kutoka dirishani Stellah alimwona akivuka barabara kuelekea upande wa dukani kwa mumewe, akienda kasi.

Zena hakurudi kazini isipokuwa siku moja, kuchukua vitu vyake. Alipata kazi katika ofisi nyingine ya usafiri huko Westlands, na wateja wake wa Parklands walimfuata. Stellah alimtumia ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Jibu lilikuja siku ya nne: kwamba kwa Mungu ameshamsamehe, kwa sababu ameamrishwa kusamehe, lakini asitarajie kualikwa tena sikukuu ya Idi. Stellah alijiuzulu ukaribishaji, akamweleza mchungaji sababu. Mchungaji alimwombea, akamwambia arudi akiwa tayari. Bado hajarudi mlangoni. Huketi viti vya nyuma.

Boti bado anaziuza. Mwezi uliopita simu ya ofisi iliita, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa Zena. Hakumjulia hali. Alisema ana familia yenye mtoto asiyesikia, na wanataka kujua kama usiku, boti ikiwa nangani, milango ya vyumba vya chini inaweza kufungwa kwa komeo ili mtoto asipande juu peke yake. Alikuwa amemwandikia mwenye boti, lakini hakujibiwa vizuri.

Stellah alimwambia kwamba komeo lipo, liko juu, mtu mzima ndiye anayelifikia, ila mlango wa chumba cha mbele hauna, na waombe chumba cha nyuma. Alimsikia Zena akiandika.

"Zena," alianza.

"Nina mteja hapa mbele yangu," Zena alisema. Kisha akauliza kama chumba cha nyuma kina dirisha, na Stellah akamwambia lipo, dogo, linafunguka kwa nje.