Kikombe Nilichompikia Babu

Ile siku siisahau, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojiita mkemia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, msichana wa Kinubi kutoka Koboko, nasoma sekondari Arua, miaka ile ya sabini sukari ilipokuwa shida. Katika kemia hakuna mvulana aliyenifikia. Nasema bila aibu; matokeo yalibandikwa ukutani, kila mtu aliyaona.

Mwalimu wetu alitusimulia habari za kijana wa Kijerumani, mfanyakazi wa duka la dawa, ambaye zamani sana alitoa ndani ya afyuni kile kitu chenyewe kinacholeta usingizi, morfini. Wenzangu walitaka kujua usingizi huo ukoje. Mimi nilichosikia ni kwamba kijana asiye na cheo aliingia vitabuni. Nikaona zamu yangu imefika.

Likizo nikarudi Koboko, nikawasimulia watu wa nyumbani habari za kijana yule. Babu yangu Rajabu, askari mstaafu, alikuwa amebaki na meno mawili. Kila siku baada ya adhuhuri wazee wenzake walikutana kutafuna mairungi, yale majani ya kuchangamsha, na kupiga soga. Babu alikaa nao akitwangiwa yake kwenye kinu, na aliona haya. Nilimwonea huruma, lakini nisikudanganye, zaidi nilitaka sifa. Nikachukua majani yote niliyoyakuta, nikayachemsha mpaka maji yakawa meusi na mazito, nikamalizia sukari ya nyumbani kuficha uchungu. Sikupima kitu. Anayetafuna huchoka taya akaacha. Mimi nilimwondolea babu hata kizuizi hicho.

Alikunywa kikombe kizima, akanisifu mbele ya wenzake. Haikufika alasiri, akaanza kutetemeka, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio hadi kanzu inacheza kifuani. Habuba, yaani bibi yangu, akamwita dresa, mhudumu wa zahanati ya jirani. Dresa akamgusa paji la uso.

"Hii malaria imepanda. Nitachoma yeye kwinini," akasema, akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

Nilijua, mwanangu. Mwalimu alishatuambia kwamba kwinini hugusa moyo, na moyo wa babu ulikuwa tayari umeelemewa. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo, sifa zangu zimekwisha mbele ya wazee wa mtaa mzima. Niliogopa sana. Nilitamani iwe malaria kweli.

"Si malaria," nikasema. "Ni mimi. Nimemchemshia mairungi."

Dresa akashusha sindano. "Ulitia ngapi?"

"Sijui."

"Maji kiasi gani?"

"Sijui."

Habuba akanigeukia. "Na ule mutu ya kitabu yako, yeye alionjesha nani kwanza?"

Nikamjibu kwamba alikunywa mwenyewe, pamoja na vijana watatu, wakanusurika kufa, naye akaandika yote, hata hilo.

"Sasa wewe iko mukemia gani?" akasema. "Kuonja umeruka, kuandika umeruka, umekimbilia jina tu."

Nililia palepale. Tulimweka babu kivulini, tukamnywesha maji kidogo kidogo, na dresa hakuondoka mpaka mapigo yalipotulia. Babu alipopata sauti, sikujua nijifiche wapi. Lakini aliwatazama wenzake akasema, "Huyu musichana leo amesema kweli mbele ya watu yote. Askari mingi nimeona, hiyo inawashinda."

Mwanangu, nimekuwa mfamasia mpaka nikastaafu, na ninajivunia kazi yangu, tena sana. Wagonjwa walisafiri kutoka mbali, hata Manibe, kunifuata mimi. Hakuna dawa iliyotoka mkononi mwangu bila kipimo chake kuandikwa. Nilipokosea, nilisema siku hiyohiyo, kabla sijaulizwa.

Nawe unayeanza kusoma kemia, usione aibu kutaka jina kubwa. Litafute. Lakini pima kabla ya kumpa mtu, andika ulichofanya, na ukiona umemdhuru, sema haraka, hata kama wanaokusikiliza ndio haohao waliokupigia makofi. Uhai wa mtu hausubiri wewe umalize kuona haya.

Mungu akupe akili kuliko yangu, mikono mitulivu, na ujasiri wa kusema "ni mimi" wakati sindano bado haijachoma.