Karakana Inafunguliwa Saa Tatu

Tulimwita Msumari kwa sababu mdomo wake haukuwa na nafasi ya kitu kingine. Fundi wa kuvalisha makochi hujaza misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja huku nyundo ikiendelea, na huyu alikuwa nayo asubuhi hadi jioni. Miaka miwili nimeshona foronya kando yake na sidhani kama nilisikia maneno yake mia. Nesi wa kliniki alinizidi bahati. Kila siku Msumari alipita pale kunywa kikombe cha methadoni, dawa iliyomtoa kwenye unga wa heroini, na akishameza ilibidi aseme neno ili nesi ajue imeshuka kweli.

Nisijifanye mwema. Nilipopata habari za kikombe hicho nilisema, tena mbele ya wateja, kwamba ametoka ulevi mmoja akaingia mwingine. Ulimi wangu hauna breki.

Mzee mwenye karakana alisema kwa upole, ila lake liliuma zaidi. Magoti yalishamchosha, alitafuta wa kumwachia funguo, na hakuna aliyemfikia Msumari kwa ufundi wa mkono. Akamwambia funguo ni zake siku atakapoachana na kile kikombe. Msumari akaitikia kwa kichwa, akaendelea kugonga.

Hakutuambia kitu. Aliacha tu kwenda kliniki, akawa anatutangulia kazini. Siku ya tatu nikamwona anapiga miayo, kamasi zinamtoka, shati limelowa jasho ilhali kulikuwa na baridi. Akatandika mahameli ya kochi la mteja, akakata. Vinyweleo vya mahameli lazima vilale upande mmoja, la sivyo kochi moja litaonekana rangi mbili. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo. Sasa kitambaa cha kukalia kilielekea huku, cha mgongoni kule.

Mzee akaona, akajiandaa kufoka. Msumari akatema misumari kiganjani.

"Mzee, nimeacha ile dawa. Leo siku ya tatu. Nilizitaka funguo."

Nilimwonea huruma, na nikajionea aibu. Nikasema ni sisi tuliomfikisha hapo, mimi wa kwanza. Mzee akakaa juu ya lile kochi lililo uchi, akavua miwani, akawa anaigeuzageuza.

"Hii naivaa mwaka wa ishirini," akasema. "Hajatokea mtu akaniambia niivue ndipo aniamini. Inuka twende, mwanangu."

Alimpeleka mwenyewe, na magoti yake yale. Daktari akampima upya, akamwanzishia tena dawa kwa kipimo kidogo, na baada ya wiki kadhaa nyundo ikarudi kwenye mdundo wake. Ile mahameli iliyoharibika niliitumia kushonea mito, na imependeza kuliko kochi.

Siku ya kukabidhi funguo, Mzee alichukua brashi, akafuta maandishi ya mlangoni yaliyosema tunafungua saa mbili. Akaandika saa tatu.

Jana mteja mmoja alikuja amenuna, akalalamika kwamba siku hizi tunalala sana. Nikafungua mdomo nimjibu inavyostahili. Msumari akaninyamazisha kwa mkono, akatema misumari yote.

"Saa mbili nakuwa kliniki, nakunywa dawa yangu," akamwambia. "Saa tatu niko hapa. Haya, kochi lako lina shida gani?"