Mikono Mitatu na Maji ya Kama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika uwanja wa ndege wa Kindu, enzi nchi hii ikiitwa Zaire na kila mtu akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya na diploma. Hakuna mkubwa aliyenipatia. Mimi, mtoto wa mtaa wa Alunguli, niliitafuta kwa kichwa changu, na walionicheka walikuja baadaye kuitazama ukutani.

Kazi yetu iliwashangaza watu. Tulitafuta vijidudu vinavyoishi pasipofaa kuishi kitu, kama kwenye chemchemi ya maji ya moto upande wa Kama, ili tujue uhai wa namna gani ungeweza kuwepo katika sayari nyingine. Mkubwa wangu alikuwa Madamu Hilda, Mzungu mzee asiyeamini kitu, hata macho yake mwenyewe.

Tulikuwa tunarudi na chupa za maji hayo, zimefungwa vizuri, tuzipeleke maabara kule Ulaya. Afisa wa uwanja, bwana wa abakosti, ile suti ya enzi hizo isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi, akazitazama sana. Mtu atoke Kama, kwenye dhahabu, abebe maji tu? Nikamweleza habari za sayari. Wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo.

"Sitwayeni," akaniambia, maana enzi hizo kila raia aliitwa hivyo, "batu ba kule juu banakunywa maji ya Kama?"

Akafungua chupa moja, akatia kidole mpaka chini, akakilamba, akatema.

Uchafu wa kidole kile sasa ulikuwa ndani ya maji yetu, na mvua ilikuwa imekata njia ya Kama. Maji yale yakitiliwa shaka, kazi yote imekufa, pamoja na jina langu. Nikamnong'oneza Madamu tuitupe chupa ile, tunyamaze. Akakataa. Afisa alikuwa ameshika na zile chupa nyingine, kwa hiyo kuitupa moja hakungetosha. Madamu alitaka kidole cha afisa kichovywe katika chupa ya maji safi, ili kule Ulaya tutenganishe vijidudu vyake na vya Kama.

Afisa akarudi nyuma. "Kidole yangu iende Ulaya? Munataka kuniroga, ao kunitia mu kesi."

Sikumlaumu. Wakati ule watu walipotea kwa mambo madogo kuliko hayo.

Madamu akachovya kidole chake mwenyewe. Kisha akaninyooshea mimi chupa nyingine ya maji safi. Mimi, mwenye diploma, niliyenawa kwa pombe kali kabla ya kila chupa! Nikamjibu kwamba mkono wangu ni safi.

"Mukono yako njo ya kwanza kushukiwa," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Njo ilishika chupa zote."

Afisa alifurahi mno kuona nashukiwa mimi. Nikachovya, uso umenivimba. Ndipo naye akakunja mkono wa abakosti, akasema bisimillahi, akachovya.

Ulaya tulikuta vijidudu vyake vimejaa katika chupa aliyoifungua, tukaimwaga. Katika nyingine hatukuona vyake, wala vya Madamu, wala vyangu. Wenzetu wa maabara, watu wakali wa kushuku, wakakubali kwamba vilivyomo vimetoka Kama. Ningalikataa kutoa mkono, wangalisema ni uchafu wangu, na kazi yote ingalikufa.

Basi shuku, mwanangu. Mimi nimefika mbali kwa kushuku. Shuku hasa habari inayokufurahisha. Lakini ukitaka kupima mikono ya watu, wako utangulie, na ukiombwa upimwe usitangulize diploma. Mungu akupe macho makali, akuepushe na wanaokutafutia kesi, na siku utakayopimwa akukute msafi.